Sisimizi Mwenye Miguu Minane

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la mwisho la bustani ya shule, mbali kidogo na wenzake, daftari likiwa gotini. Nilipita nyuma yake nikasoma alichoandika: "Sisimizi. Kaning'inia kwa uzi." Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni na mkono ulikwisha kuifuata. Sisimizi hatoi uzi. Akiteleza kwenye jani huanguka tu, na kwa wepesi wake haumii. Lakini mtoto alikuwa ameshanitangulia. Alipitisha kijiti chini ya ule uzi, mdudu akatua juu yake na kuanza kukimbia huku na huku, nasi tukainamisha vichwa kumhesabu miguu.

Minane.

Tukarudia. Kila aliposimama, aliinua miguu miwili ya mbele na kuitikisa hewani kama sisimizi anavyotikisa vipapasio vyake. Ukimtazama kwa pupa unaona miguu sita na vipapasio viwili, hesabu kamili ya sisimizi. Sehemu ya mbele ya mwili ilikuwa imebanwa katikati kama iliyofungwa kamba, ikaonekana kana kwamba ni kichwa na kifua. Macho ndiyo yaliyomfichua: mawili makubwa ya mbele, meusi, yanayong'aa, yakitutazama moja kwa moja.

Alikuwa buibui mrukaji, wa kundi ambalo wataalamu huliita Myrmarachne. Hawa ni buibui waliovaa sura ya sisimizi, na mwendo wao pia. Faida yake inaeleweka. Sisimizi huuma, wengine hurusha asidi, na ukimgusa mmoja ndugu zake hawako mbali, kwa hiyo wanyama wengi wanaokula buibui humwacha apite. Madume ya kundi hili yana taya ndefu zilizochomoza mbele, hata dume huonekana kama sisimizi aliyebeba mzigo mdomoni. Methali husema umdhaniaye siye kumbe ndiye. Asubuhi ile tuliyemdhania ndiye, siye.

Nilirudi darasani nikiwa nimenyamaza. Kilichonisumbua ni kwamba nilitaka kufuta neno "uzi", na neno hilo ndilo pekee lililokuwa na ukweli kwenye ukurasa ule. Mtoto alikosea jina na kupatia alichokiona. Mimi nilikuwa na jina, na sikuwa nimeona kitu.

Tangu siku ile agizo langu bustanini ni moja: niandikieni mnachokiona, jina litafuata.

Si agizo jepesi, kwa sababu lugha yetu imetupa neno moja pana mno. Mdudu. Nzi ni mdudu, buibui ni mdudu, jongoo ni mdudu, na mtoto akikutana na nyungunyungu kwa mara ya kwanza atapiga kelele hiyohiyo: mdudu! Zamani nililiona hili kuwa kosa la kusahihishwa. Sasa naliheshimu neno hilo. Carl Linnaeus, Mswidi ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho chanzo cha majina ya kisayansi ya wanyama tunayotumia hadi leo, aligawa wanyama wote katika makundi sita, na katika kundi la wadudu aliweka pia buibui, nge, tandu, jongoo, na hata kaa. Konokono na nyungunyungu akawatupa pamoja katika kundi la minyoo. Ilibidi waje wengine kulifungua fungu hilo. Mmoja wao alikuwa Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck, aliyepewa kazi ya kufundisha kuhusu wadudu na minyoo jijini Paris mwaka 1793, akiwa karibu na umri wa miaka 50 na sifa yake yote ikiwa imetokana na mimea. Aliwatenga buibui na jamaa zao, akawatenga kaa na jamaa zao, na yeye ndiye aliyeanza kuwaita wote kwa pamoja wanyama wasio na uti wa mgongo. Mtoto anayeita kila kitu mdudu yuko katika safari ileile, hatua ya kwanza.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Nimejaribu njia nyingi na hakuna inayoshinda miguu. Sita, huyo ni mdudu kamili, na mwili wake una kichwa, kifua na tumbo. Minane, huyo ni buibui au jamaa yake: nge, kupe, utitiri. Hapo watoto hukwama mara moja, kwa sababu kwenye buibui huhesabu kumi. Wana haki. Mbele ya miguu kuna viungo viwili vifupi vinavyofanana na miguu, ambavyo buibui hutumia kupapasa na kushika mawindo. Kwa nge viungo hivyohivyo ndivyo vimekuwa makoleo yale makubwa. Mtoto akikuambia buibui ana miguu kumi, usimwambie amekosea. Mwambie aangalie ni ipi anayotembelea.

Kiwavi naye hukoroga hesabu. Yeye ni mtoto wa kipepeo au nondo, basi ni mdudu, basi sita. Lakini watoto huniletea kumi na sita, na kumi na sita wanaziona kweli. Sita za mbele, zilizo karibu na kichwa, ni ngumu, zimechongoka na zina viungo. Hizo ndizo atakazobaki nazo akishaota mabawa. Zile za nyuma, ambazo kwa kawaida hazizidi jozi tano, ni vinundu vya nyama vyenye ndoana ndogo za kushikilia jani, na zitapotea. Ukikuta "kiwavi" mwenye jozi sita au zaidi za vinundu hivyo, huyo hatakuwa kipepeo kamwe. Ni mtoto wa jamaa wa mbali wa nyigu. Siku moja darasa zima lilikaa kimya kwa muda mrefu likihesabu vinundu vya tumbo la kiwavi mmoja kupitia lenzi ya mkono, na sijui somo gani lingine limewahi kunipa ukimya wa namna ile.

Neno moja kuhusu lenzi, maana wengi huitumia vibaya. Usiishike mbali na uso kama mtu anayesoma barua. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha mlete mdudu taratibu kwenye lenzi mpaka aonekane wazi. Inayokuza mara kumi inatosha kwa karibu kila kitu nilichotaja hapa.

Sehemu tajiri kuliko zote bustanini si maua. Ni chini ya tofali. Tuna tofali moja kuukuu kwenye kona yenye kivuli, karibu na lundo la mboji, nalo tumelifunua mara nyingi kuliko kitabu chochote cha maktaba. Kanuni yetu ya kulifunua ni kushika ukingo wa mbali na kuuvuta kuja kwako, ili tofali liwe ngao kati yako na aliye chini, kisha kulirudisha taratibu jinsi lilivyokuwa. Tandu wakubwa huuma vibaya, na kwao unyevu ule na giza lile ni nyumbani.

Hapo ndipo watoto hujifunza kutenganisha tandu na jongoo, jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui ingawa wamewaona wote wawili maisha yao yote. Tandu ana jozi moja ya miguu katika kila pingili, miguu imetanuka pembeni, na anapokimbia huteleza kama maji. Jongoo ana jozi mbili katika pingili nyingi, miguu iko chini ya mwili, na mwendo wake ni wimbi linalopita polepole kutoka nyuma kwenda mbele. Tandu huwinda, jongoo hula majani yaliyooza. Ukimgusa jongoo hujikunja, na wengi hutoa majimaji yanayoacha doa kwenye vidole na kuwasha macho, kwa hiyo tunanawa. Kuna jambo kuhusu tandu linalowafurahisha watoto kuliko yote: idadi ya jozi zake za miguu huwa si shufwa. Kumi na tano, ishirini na moja, ishirini na tatu, na kuendelea. Basi tandu mzima mwenye miguu mia kamili hayupo, maana mia ni jozi hamsini. Wanafunzi hulipiga hesabu hili wenyewe ubaoni. Na jongoo wa kwanza kujulikana kuwa na miguu zaidi ya elfu moja alitangazwa mwaka 2021 tu. Alipatikana Australia, mita 60 chini ya ardhi, kwenye shimo lililochimbwa kutafuta madini, akiwa na miguu 1,306. Mwili wake ni mwembamba kama uzi na hauna macho.

Lakini mkazi wa chini ya tofali ninayempenda zaidi ni yule mdogo wa kijivu mwenye mgongo wa magamba, ambaye kwa Kiingereza huitwa woodlouse, na baadhi ya ndugu zake hujikunja wakawa kama kidonge. Miguu kumi na minne. Si mdudu, si buibui. Ni wa ukoo wa kamba na kaa, aliyehamia nchi kavu bila kuacha tabia za majini. Sehemu ya upumuaji wake iko chini ya mkia, nayo lazima ibaki na unyevu, ndiyo maana humkuti juani. Mama hubeba mayai katika mfuko wenye majimaji chini ya kifua, kana kwamba amebeba kidimbwi chake mwenyewe. Watoto wakitoka huwa na miguu kumi na miwili tu, jozi ya mwisho huota baadaye. Mwanafunzi mmoja alikuja akikimbia kuniambia amepata mwenye ugonjwa, nusu kijivu na nusu nyeupe. Hakuwa mgonjwa. Wanyama hawa hubadili gamba kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza, kisha baada ya siku chache nusu ya mbele, na aliyemkuta alikuwa katikati ya kazi hiyo. Tulimrudisha haraka, kwa sababu gamba jipya huwa laini.

Sasa niseme jambo ambalo limenikaa moyoni. Kwa miaka kadhaa niliwafundisha watoto kuua wadudu fulani kwenye bustani ile. Walikuwa weusi, warefu kidogo, wenye madoa ya rangi ya machungwa na miiba laini mgongoni, wakitambaa kwenye machipukizi yaliyojaa vidukari, wale ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Niliona mmea umenyauka, nikaona mdudu wa kutisha juu yake, nikajumlisha. Tuliwakusanya kwenye kopo na kuwaponda. Kila mara vidukari waliongezeka, na kila mara nilidhani hatukuponda vya kutosha.

Siku moja tulimwacha mmoja kwenye chupa kwa kusahau. Tulipomkumbuka alikuwa amejibandika ukutani mwa chupa, amekuwa kifurushi kidogo cha duara. Siku chache baadaye akatoka humo mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi, yule mdudu kibibi ambaye watoto humchora kwenye kila picha ya bustani. Mdudu tuliyempenda na mdudu tuliyemponda ni mmoja. Na huyo mtoto wake mweusi hufanya kazi moja tu kutwa nzima: kula vidukari.

Hasara ile ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri, kwa sababu vidukari huzaana kwa namna isiyosubiri. Kwa sehemu kubwa ya maisha yao majike huzaa watoto hai bila dume, na mtoto anapozaliwa tayari ndani yake kuna vijusi vya kizazi kinachofuata. Ondoa wanaowala na mmea umekwisha. Sisimizi nao huwalinda vidukari kama mchungaji alindavyo mbuzi, wakiwapapasa ili watoe tone la majimaji matamu. Yote haya yalikuwa yakitendeka mbele ya macho yangu kwenye shina moja, nami nilishika kopo la kuulia. Sasa shina lenye vidukari tunalifunga utepe na kulitembelea kila siku kabla ya kuamua lolote. Mara nyingi tunawakuta pia vibuu vidogo visivyo na miguu wala kichwa cha kuonekana, vikiwanyanyua vidukari mmojammoja na kuwafyonza. Hao ni watoto wa nzi wa maua, ambaye akikua huvaa mistari ya njano na nyeusi hata watoto wakamkimbia wakidhani ni nyuki. Hesabu mabawa: nyuki ana manne, nzi ana mawili, na mahali pa mabawa ya nyuma ana virungu viwili vidogo vya kumsaidia kujimudu anaporuka. Tazama na vipapasio, vya nzi huyu ni vifupi mno. Ukiona "nyuki" aliyesimama angani pale pale kama aliyening'inizwa, mkaribie.

Nyungunyungu wanastahili makala yao wenyewe, nitapita juu juu. Charles Darwin aliwachunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufariki, ndipo alipochapisha aliyoyaona. Aliwapigia kelele wakatulia, wakapigiwa zumari na kinanda karibu nao wakatulia vilevile. Lakini alipoweka vyungu vyao juu ya kinanda chenyewe na kubonyeza noti moja, walikimbilia mashimoni. Hawasikii, wanahisi mtikisiko. Sisi hatuna kinanda. Tuna dawati, na pigo la kidole juu ya dawati linatosha. Jaribio jingine halihitaji kitu zaidi ya karatasi kavu: mweke nyungunyungu juu yake kwa muda mfupi, tega sikio, utasikia mkwaruzo mdogo sana. Ni vinywele vigumu vilivyo kwenye kila pingili, ambavyo humsaidia kushika udongo. Kisha mrudishe kwenye unyevu, maana hupumua kwa ngozi. Na tafadhali, nyungunyungu akikatwa na jembe hawatokei wawili. Kipande cha mbele huenda kikaota mkia mpya, cha nyuma hufa.

Kwa wanaotoka usiku tunatumia mtego wa kikombe. Kikombe huzikwa ukingo ukiwa sawa kabisa na udongo, chini kinatobolewa ili maji ya mvua yapite, na juu huwekwa bapa la jiwe lililoinuliwa kwa vijiwe. Lazima kifunguliwe asubuhi na mapema. Mara ya kwanza tulichelewa hadi mchana, tukamkuta tandu mmoja peke yake, na chini yake mabawa magumu ya mbawakawa na vipande vya miguu. Mtoto mmoja alivipanga vile vipande kwenye karatasi na kuvihesabu, akapata mbawakawa wasiopungua watatu. Sikumwambia afanye hivyo.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie simu tu. Natumia. iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha, iliyoanza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley huko California, imenisaidia mara nyingi, hasa kwa sababu nyuma ya mashine kuna watu wanaorekebishana. Lakini simu haipewi nafasi mpaka daftari liwe na mambo matano: miguu, mabawa, vipapasio, alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini. Picha haijui kwamba mdudu alining'inia kwa uzi. Na hatulazimishi jina la mwisho. Aina za wadudu zilizokwisha kupewa majina ni takribani milioni moja, na nyingi hutofautishwa kwa vitu visivyoonekana bila darubini. Mtoto akiandika "mbawakawa, mweusi, taya kubwa, anakimbia usiku" amefika mbali, na hapo panatosha mpaka siku atakapotaka kwenda mbele zaidi.

Muhula huu tulimtunza kiwavi wa kijani kutoka kwenye jani la kabichi. Chupa, kitambaa juu, jani bichi kila asubuhi. Kila mtu alingoja kipepeo. Asubuhi moja tulimkuta amejaa pembeni vifuko vidogo vya njano kama punje za mchele, na darasa likashangilia kwamba kiwavi ametaga mayai. Ni yule mtoto wa uzi aliyesema hapana, kwa sauti ya chini. Kiwavi ni mtoto, alisema. Mtoto hatagi.

Hakuna aliyejibu. Kiwavi alikuwa bado hai, amevikumbatia vile vifuko. Baada ya siku mbili akafa. Wengine walitaka tutupe chupa. Tuliiacha dirishani, na siku kadhaa baadaye kulikuwa na wadudu wadogo weusi wakitembea kwenye kitambaa kwa ndani. Daftari lilizunguka mkono kwa mkono: miguu sita, mabawa manne, kiuno chembamba, vipapasio virefu. Nyigu, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama. Mama yao aliwatia ndani ya kiwavi wakiwa mayai, kabla hatujamchuma pamoja na jani lake.

Tulibishana kipindi kizima kama tuwaachie au la. Wapo waliowaona wauaji, na wapo waliokumbuka majani ya kabichi yaliyotobolewatobolewa. Mwishowe tuliibeba chupa mpaka kwenye tuta, nikafungua kitambaa. Walitoka mmojammoja, wakasimama ukingoni kupangusa vipapasio kwa miguu ya mbele, wakaruka. Wengine walirudi darasani. Mmoja alibaki, akapiga magoti kwenye tuta, akaanza kugeuza majani ya kabichi moja baada ya jingine, akitazama upande wa chini.